"Ni Mishipa Tu": Somo Kuhusu Damu Isiyofika Mguuni

Mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alimtaka kila mwanachama aandike makala yatakayomfunza mwenzake jambo asilolipata kwa urahisi katika vitabu vya darasani. Wenzangu wamechagua ngeli, methali na fasihi simulizi. Mimi nimechagua neno moja tu, nalo ni mshipa. Neno hili tunalitumia kila siku, na kwa sababu ya kutolielewa vizuri, babu yangu alipoteza mguu mmoja. Mguu wa pili aliokolewa kupitia tundu dogo kuliko punje ya mchele. Nitaeleza jinsi yote mawili yalivyotokea. Naomba usifunue ukurasa kwa kudhani haya ni mambo ya wazee, maana huenda mzee wa kwenu ndiye anayesimama njiani wakati huu.

Safari ya nguzo tatu

Mwaka wa 2021 nilikuwa darasa la nane, nikiishi kwa babu mjini Ruiru. Nyumbani tunamwita Guka, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Guka alikuwa fundi wa mabomba katika mashamba ya kahawa kwa miaka mingi, na alikuwa mwendaji hasa. Kila Jumamosi nilifuatana naye sokoni.

Basi mwaka huo nikaanza kuona kioja. Tukitoka nyumbani alikwenda vizuri, lakini tukifika nguzo ya tatu ya stima alisimama. Mara amsalimu mtu, mara aulize bei ya viatu asivyotaka kununua, mara aniulize habari za shule. Baada ya dakika mbili tatu husema, "Haya, twende." Nguzo tatu nyingine, anasimama tena.

Mimi na binamu yangu tulicheka. Tulimpa jina la utani "Matatu", kwa kuwa alisimama kila steji. Kuyaandika haya naona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku moja nilimwuliza, "Guka, kwani unaumwa?" Akashika shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, akasema, "Ni mishipa tu, mjukuu wangu. Uzee huu."

Sasa najua kwamba Guka alikuwa akionyesha dalili inayojulikana dunia nzima. Wajerumani wameipa jina linalomaanisha ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa sababu mgonjwa husimama na kujifanya anatazama bidhaa huku akingoja maumivu yapoe. Alama zake ni tatu. Kwanza, maumivu huja mtu akitembea, na kwa kawaida huja baada ya mwendo uleule. Pili, huisha baada ya dakika chache akisimama, hata asipoketi. Tatu, hushika nyama ya mguu, hasa shavu, wala si kiungo kama goti. Mguu unaofanya hivyo hauna uvivu. Unaomba damu.

Mishipa ipi?

Hapa ndipo penye somo la lugha. Fungua kamusi utazame neno mshipa. Utakuta kwamba kuna mishipa ya damu, na kuna mishipa ya fahamu ambayo wengine huiita neva. Isitoshe, baadhi ya watu wakisema mtu "ana mshipa" wanamaanisha ugonjwa wa ngiri. Nyumbani kwetu "mishipa" ilikuwa pia ile kano inayokaza mtu akilala vibaya. Neno moja, mambo manne!

Mishipa ya damu nayo ni ya aina mbalimbali. Ateri hutoa damu moyoni na kuipeleka mwilini, vena huirudisha, na kati yao mna kapilari nyembamba kama nywele. Ile mishipa ya buluu iliyovimba na kujipinda ambayo huonekana miguuni mwa watu waliosimama kazini kwa miaka mingi ni vena, na shida yake ni nyingine. Shida ya Guka ilikuwa katika ateri, na ateri iliyoziba haionekani kwa macho.

Kwa kuwa sote tulikubali kwamba "ni mishipa tu", tulimtibu mishipa tuliyoidhania. Jirani alileta dawa ya kuchua. Mwingine akasema mishipa imeingia baridi, ikandwe kwa maji ya moto yenye chumvi. Likizo ya Agosti mwaka wa 2023, Cucu, yaani nyanya yangu, alimwekea beseni la maji hayo. Guka alitia mguu wa kushoto akatulia, akasema maji yanamfaa.

Kumbe maji yalikuwa ya kuunguza! Guka alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu hata mguu usihisi moto wala mwiba. Asubuhi tukakuta malengelenge. Yakapasuka, yakawa kidonda, na kidonda kikakataa kupona. Kidonda hupona kwa damu, na damu ilikuwa haifiki. Kufikia Novemba vidole vitatu vilikuwa vyeusi na donda ndugu lilikuwa likipanda. Madaktari waliomwona walisema wameletewa mgonjwa akiwa amechelewa. Walikata mguu chini ya goti ili kuokoa maisha yake.

Neno letu, mtaona, halikuwa la uongo. Ni kweli ilikuwa mishipa. Tulikosa tu kuuliza, ipi?

Jinsi damu inavyokosa njia

Damu ya miguuni hushuka kwa ateri moja kubwa iitwayo aota. Ikifika karibu na kitovu hugawanyika mara mbili, kila mguu na wake. Ateri ya mguu hupita kinenani, hushuka pajani, huzunguka nyuma ya goti, kisha hugawanyika kuwa matawi matatu yanayokwenda mpaka wayoni. Weka vidole viwili juu ya wayo wako, au nyuma ya kifundo upande wa ndani. Ukisikia mpigo, damu inapita.

Ukuta wa ateri ukidhuriwa na moshi wa sigara, sukari nyingi, presha ya juu au kolesteroli, hujenga utando wa mafuta na chokaa, kama kutu ndani ya bomba kuukuu. Njia hupungua miaka baada ya miaka bila kelele. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu milioni 200 duniani wana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Wanaofanya Fizikia watapenda jambo hili. Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa Jean Poiseuille alionyesha kwamba bomba jembamba likiwa na urefu uleule na msukumo uleule, kiasi cha maji yanayopita hutegemea nusu kipenyo ikizidishwa kwa yenyewe mara nne. Yaani ukipunguza nusu kipenyo kuwa nusu yake, maji hayapungui kwa nusu, bali hubaki sehemu 1 kati ya 16! Mshipa si bomba la chuma, na damu si maji, hata hivyo kanuni hii hutusaidia kuelewa kwa nini kuziba kidogo zaidi huleta maumivu makubwa. Kanuni hiyohiyo hufariji pia, kwa maana upanuzi mdogo huleta damu nyingi.

Hesabu ya mkono na kifundo

Baada ya mguu wa kushoto kukatwa, daktari mmoja aliutazama wa kulia. Ulikuwa baridi, vinyweleo vimeisha, ngozi inang'aa. Akachukua mashine ya presha, ile ya kufungia mkononi, akapima mkono. Kisha akaifunga juu ya kifundo cha mguu, akasikiliza kwa kifaa kidogo kinachotumia mawimbi ya sauti. Mkono ulitoa 150. Kifundo kilitoa 60. Akagawanya:

60 ÷ 150 = 0.40

Kwa mtu mzima asiye na tatizo, jibu huwa karibu 1 au zaidi kidogo. Likiwa 0.90 au chini, ateri za mguu zina shida. Likiwa 0.40, mguu umo hatarini. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita angeiweza. Jambo moja la kuangalia ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa sukari ateri hukauka kama mti, zikatoa jibu la juu la uongo, na hapo daktari hutumia vipimo vingine.

Cucu alipoyasikia hayo alianza kulia, akijua kinachofuata ni msumeno. Daktari akamwambia, "Mama, hapana. Huu bado tunaweza kuufungulia njia."

Waya, katheta na puto

Sisi tunaosafiri kati ya Thika na Ruiru tunaielewa foleni. Barabara kuu ya Thika ikiziba, kuna mambo mawili ya kufanya. Unaweza kujenga njia ya kando, kama ile Eastern Bypass inayoanzia Ruiru, au unaweza kuliondoa lile lori lililokwama katikati ya barabara. Madaktari nao wana njia hizo mbili.

Njia ya kando ni upasuaji mkubwa. Mwaka wa 1948 mjini Paris, daktari Jean Kunlin alichukua vena ya mgonjwa mwenyewe akaiunganisha ateri juu na chini ya mahali palipoziba. Njia hiyo hutumika mpaka leo na huokoa wengi. Lakini mgonjwa hulazwa kwa usingizi au ganzi kubwa, hupasuliwa mahali pengi, na mzee mwenye moyo dhaifu huenda asistahimili.

Njia ya pili ilianza tarehe 16 Januari 1964 katika mji wa Portland, Marekani. Daktari wa eksirei, Charles Dotter, aliletewa mama wa miaka 82 ambaye vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeanza kuoza. Alishauriwa akatwe mguu, naye akakataa katakata. Dotter alipitisha waya mwembamba ndani ya ateri, kisha juu ya waya akasukuma mirija iliyozidi kuwa minene, mpaka njia ikapanuka. Mguu ukapata joto. Mama yule alitembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye. Mwaka wa 1974 Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Zurich, Uswisi, aliibadilisha mirija hiyo kwa puto dogo. Katika miaka ya 1980 Julio Palmaz, mzaliwa wa Argentina, akaleta stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma kinachobaki ndani kuzuia njia isijifunge.

Guka alifanyiwa kazi hiyo Nairobi, likizo ya Aprili mwaka wa 2024, baada ya jamaa na majirani wa Ruiru kufanya harambee. Daktari alitueleza hatua moja moja, nami niliandika katika daftari langu la Biolojia:

1. Mgonjwa hulala chali akiwa macho. Hudungwa sindano ya ganzi kinenani.

2. Sindano yenye tundu huingizwa katika ateri, na ndani yake hupitishwa waya laini. Sindano huondolewa, waya hubaki, na juu ya waya hupitishwa mrija uitwao katheta. Ufundi huu wa kubadilishana sindano na waya ulibuniwa na Sven Seldinger wa Uswidi mwaka wa 1953.

3. Dawa yenye iodini hupulizwa ndani, na ateri huonekana kwenye eksirei kama mto na vijito vyake. Palipoziba, mto hukatika.

4. Waya huvukishwa taratibu mahali palipoziba. Puto lililofungwa hupelekwa juu yake, hujazwa kwa dakika chache likaukandamiza utando ukutani, kisha hupunguzwa na kutolewa. Ikihitajika, stenti huwekwa.

5. Kila kitu huondolewa. Kinena hukandamizwa kwa mkono mpaka damu ikome, na mgonjwa hulala bila kukunja mguu kwa saa kadhaa. Hakuna nyuzi za kushona jeraha.

Guka alisikiliza yote kimya. Halafu akauliza, "Kumbe ni waya tu mnapitisha? Mimi nimezibua mabomba ya kahawa hivyo miaka thelathini, bila kufukua shamba." Daktari akacheka akasema, "Basi, mzee, wewe ni mwenzetu."

Alirudi wodini akilalamika kwamba wayo unamwasha. Cucu aliushika, akaniita niushike. Ulikuwa na joto. Kesho yake wakapima tena: kifundo 120, mkono 150. Fanya hesabu mwenyewe.

Tusidanganyane

Jamani, sitaki mtu atoke hapa akisema puto ni muujiza. Daktari alituonya wazi. Damu inaweza kuvuja kinenani. Dawa ya iodini inaweza kudhuru figo, hasa za mgonjwa wa sukari, kwa hiyo figo hupimwa kwanza. Ateri inaweza kupasuka, na njia iliyofunguliwa inaweza kuziba tena baada ya miezi au miaka. Kuna vizuizi virefu ambavyo waya hauvuki, na hapo njia ya kando hufaa zaidi. Nyama iliyokwisha kufa, kama ile ya mguu wa kushoto wa Guka, hairudishwi uhai na puto.

Tena si kila anayesimama njiani anahitaji puto. Kwa wengi tiba ya kwanza ni kuacha sigara kabisa, kumeza dawa za presha, sukari na kolesteroli pamoja na aspirini kama daktari alivyoagiza, na kutembea. Ndiyo, kutembea! Mgonjwa hutembea mpaka maumivu yaje, hupumzika yapoe, kisha huendelea, kwa nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa juma, kwa wiki 12 na kuendelea. Mwili hujifunza kutumia vijia vidogo vya pembeni. Mwenye kidonda au maumivu ya usiku asingoje wiki hizo, aende hospitali.

Wataalamu wa kazi hii ya waya bado ni wachache Afrika Mashariki. Majirani zetu wa Tanzania walianza kuwafunza wao wenyewe katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na madaktari wao watatu wa kwanza walihitimu mwaka wa 2021. Nawaambia haya wanaofanya Biolojia na Fizikia katika shule yetu. Nafasi ipo.

La kufanya nyumbani

Mzee akisimama njiani, usimcheke. Mwulize panauma wapi, na kama maumivu huisha akisimama. Akisema "ni mishipa", mwulize ni ipi, na mwende pamoja katika hospitali iliyo karibu, iwe Thika Level 5, hospitali ya Ruiru au kwingineko, muombe mpigo wa miguu upimwe. Mwenye sukari atazamwe nyayo kila jioni, na maji yake ya kunawia yapimwe na mtu mwingine. Mguu ukiwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali ghafla, hiyo ni dharura. Msingoje kuche, kwa kuwa mguu wa namna hiyo huhesabiwa kwa saa.

Guka sasa anatumia mguu wa bandia kushoto na wake mwenyewe kulia. Aliacha sigara siku ile ya msumeno. Likizo iliyopita tulikwenda sokoni naye kwa mkongojo. Nilihesabu nguzo bila kumwambia. Alipita ya tatu, akapita ya sita, akasimama ya tisa. Nilipomwuliza kama ni mguu, alinitazama kwa hasira kidogo. "Wewe mtoto, kwani siruhusiwi kumsalimu mtu?"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba asiyejua jina la maradhi yake huyaficha bila kukusudia.

Zoezi

1. Tunga sentensi nne kuonyesha maana nne za neno mshipa zilizotajwa katika makala haya.

2. Presha ya mkono ni 140 na ya kifundo ni 70. Gawanya, kisha ueleze jibu lako lina maana gani.

3. Kwa nini mgonjwa wa sukari anaweza kuungua bila kujua? Taja aina ya mshipa inayohusika.

4. Linganisha njia ya kando na njia ya waya. Ni lini kila moja hufaa?

5. Tembea na mzee mmoja wa kwenu mpaka dukani na kurudi. Usimwambie unahesabu.